Pesa Iko kwa Nani Mzigo Ukiwa Njiani?

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, pamoja nanyi wafanyabiashara mliofunga vibanda vyenu vya soko la Mwanjelwa hapa Mbeya mapema ili kuja kunisikiliza, nawashukuru kwa nafasi hii. Mmeniomba nizungumzie njia za malipo na ulinzi wa mnunuzi anayenunua vitu vilivyotumika kwa njia ya mtandao. Kwa kuwa nafundisha sheria za biashara, huenda mlitarajia nifungue kwa vifungu vya sheria; mtaniwia radhi, nitafungua kwa cherehani.

Mwaka 2021 mdogo wangu wa kike, ambaye ni fundi nguo hapa hapa mjini, alihitaji ovaloki ya nyuzi nne, yaani cherehani ya kumalizia pindo za nguo. Mpya ilikuwa nje ya uwezo wetu, nami nikajitolea kumtafutia iliyotumika mtandaoni. Nilimpata muuzaji aliyeko Dar es Salaam, akitaka shilingi 680,000. Alikuwa mtu wa maneno mazuri na majibu ya haraka. Alinitumia video ya mashine ikifanya kazi, kipande cha kitenge kikipita chini ya mguu wake na kutokea upande wa pili kikiwa na pindo safi. Akaniambia kuna mteja wa Morogoro anakuja jioni, kwa hiyo nikitaka anishikilie nimtumie kishika uchumba. Nikatuma 180,000. Siku iliyofuata akanitumia picha ya risiti ya basi kuonyesha kwamba mzigo umeshapakiwa Mbezi, nami nikamalizia 500,000 nikiwa nimesimama nje ya darasa, pengine basi lenyewe halijafika hata Chalinze.

Mzigo ulifika. Tulipofungua boksi tulikuta ovaloki ya aina ileile na rangi ileile, lakini kwenye chuma cha mwili wake, karibu na mahali pa kufungia mota, palikuwa na ufa uliozibwa na kupakwa rangi mpya, na ilipowashwa ilitetemeka kiasi cha kuruka nyuzi. Nilirudi kwenye video. Mashine ya kwenye video ilikuwa na kibati cha mtengenezaji kilichokunjika pembe moja. Hii yetu haikuwa na kibati kabisa, ila matundu mawili ya riveti. Nilimpigia muuzaji, akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mwalimu, used ni used." Kwenye video kibati kilionekana kwa mbali, namba yake haisomeki, na mimi sikuwa nimemwomba anisogezee kamera. Sikuweza kuthibitisha kwamba mashine ni mbili.

Nimeifikiria sana siku ile, na kila mara narudi kwenye dakika niliyoingiza namba ya siri. Kabla ya dakika hiyo muuzaji alikuwa na kila sababu ya kunisikiliza. Baada yake hakubaki na hata moja. Ndiyo maana nimeamua mazungumzo yangu ya leo yafuate swali moja tu: wakati mzigo uko njiani na mnunuzi hajauona, pesa iko mkononi mwa nani? Yanaweza kuwa majibu matatu. Iko kwa muuzaji, iko bado kwa mnunuzi, au iko kwa mtu wa kati anayeishika kama amana. Njia zote za malipo, za kwetu na za ughaibuni, zinaangukia kwenye mojawapo ya haya, hata kama majina yake ni mengi na matangazo yake yanapendeza.

Tuanze na njia tunayoitumia karibu sote. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na leo tunayo pia Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas ambayo wengi wetu bado tunaiita Tigo Pesa. Huduma hizi zilibuniwa ili mtoto aliyeko mjini amtumie mama yake kijijini, yaani watu wanaofahamiana na kuaminiana. Kwa kazi hiyo zinafaa mno. Lakini mtu anapoitumia njia hiyohiyo kumlipa mgeni aliyemwona kwenye tangazo, anakuwa amempa noti mkononi kupitia dirishani huku gari likiondoka. Muamala ukikamilika, pesa ni ya aliyepokea.

Najua mtaniuliza kuhusu kurudisha muamala. Kenya, mteja wa Safaricom anautuma ujumbe wa muamala kwenda 456. Kwetu unapiga 100 kwa mtoa huduma wako. Utaratibu huu upo kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwenye namba isiyokusudiwa. Ukiwahi, na salio likiwa bado lipo kwenye akaunti ya aliyepokea, mtoa huduma anaweza kulizuia huku akimtafuta mhusika. Salio likiwa limeshatolewa kwa wakala, hakuna cha kuzuia. La muhimu zaidi ni kwamba mtoa huduma hakai kuamua kesi ya bidhaa. Ukimwambia pesa ilikwenda kwa mtu uliyemkusudia, isipokuwa ovaloki aliyoleta ina ufa, atakuelekeza polisi au mahakamani, na kwa kweli sioni ni kwa namna gani kijana wa huduma kwa wateja angeweza kujua ufa huo ulitoka Dar es Salaam au ulitokea Mikumi basi liliporuka tuta.

Hapa niwatetee wauzaji kidogo, maana wengine mko humu ndani. Wapo wanunuzi wanaopokea mzigo, kisha wanapiga simu kudai kwamba walituma kimakosa. Wapo wanaotuma ujumbe wa kughushi wenye maneno "umepokea" na kiasi, wakitegemea kwamba muuzaji aliyebanwa na wateja hatakagua salio lake. Muuzaji anayesisitiza alipwe kwanza huenda si mwizi. Huenda ni mtu aliyewahi kulizwa. Kila upande unamwogopa mwenzake, na njia yoyote ya malipo isiyomfikiria muuzaji haitadumu, kwa sababu ataikataa.

Hata hivyo, ndani ya malipo ya simu kuna tofauti ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, jina hilo lina uzito, japo si hakikisho. Likitofautiana na jina unalofanya nalo biashara, utaambiwa hiyo ni namba ya shemeji, au ya mhasibu, au kwamba laini ya muuzaji ina deni la mkopo na pesa itakatwa. Inawezekana ni kweli. Lakini ukilipa, mtu mliyepatana naye ni mmoja na aliyepokea ni mwingine, na siku ya kudai watarushiana mpira. Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, ni afadhali, kwa sababu inaonyesha jina la biashara, na mwenye biashara si rahisi kuitupa namba aliyoibandika ukutani. Nimezoea pia kusikiliza neno dogo: "weka na ya kutolea." Ni desturi yetu, na mara nyingi halina ubaya wowote. Lakini anayelisema mara tatu kwa mnunuzi asiyemjua amekwisha kueleza kwamba pesa hiyo haitalala kwenye simu.

Nirudi kwenye kishika uchumba, ambacho ndicho kilichonifunga mimi. Wazee walikiita arubuni: malipo kidogo ya kuonyesha nia, ili mwenye mali asimpe mwingine. Sikio langu haliachi kusikia ndani yake neno rubuni, lenye maana ya kughilibu, ingawa siwafundishi hapa asili ya maneno. Arubuni ya zamani ilitolewa mbele ya mali na mbele ya watu. Mnunuzi alikuwa ameshamgusa ng'ombe. Arubuni ya mtandaoni inatolewa kabla ya kuona chochote, na kazi yake halisi ni kumfunga mnunuzi, kwa sababu mtu aliyekwisha kutoa 180,000 hawezi tena kufikiri kama mtu ambaye hajatoa kitu. Kila nilipoingiwa na wasiwasi siku ile, zile laki moja na themanini ndizo zilizonisukuma mbele. Mkilazimika kutoa, basi itoeni kama nauli ya mzigo, iwe kiasi ambacho mko tayari kukisahau, na muandikiane kwa ujumbe ni ya nini na inarudi kwa sharti gani.

Sasa tuangalie mtu wa kati. Wachina walipoanza kuuziana vitu kwenye soko la mtandaoni la Taobao mwaka 2003, mnunuzi na muuzaji walikuwa wakiogopana kama tunavyoogopana sisi. Alipay ilizaliwa ili kuliondoa tatizo hilo: mnunuzi analipa, Alipay inaishika pesa na kumwarifu muuzaji kwamba ipo, muuzaji anatuma mzigo, mnunuzi anathibitisha, ndipo pesa inaachiliwa. Mercari ya Japani, iliyoanza mwaka 2013 na ambayo kazi yake kubwa ni vitu vilivyotumika, inafuata njia hiyohiyo. Muuzaji hapati pesa mpaka mnunuzi apokee kitu na kukitolea tathmini. eBay, soko la mtandaoni la Marekani, inayo dhamana yake ya kurudishiwa pesa, ambayo kwa kawaida inampa mnunuzi siku 30 tangu mzigo ulipofika, au ulipotarajiwa kufika, alalamike kwamba hakuupata au haufanani na maelezo. PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, inaruhusu malalamiko ndani ya siku 180 tangu siku ya malipo, lakini kwa aliyelipa kama mnunuzi. Kuna sehemu nyingine ya kumtumia rafiki au ndugu, ambayo haina ulinzi wowote wa bidhaa, na muuzaji mjanja atakuomba utumie hiyo akisingizia makato. Magari nayo hayamo kabisa katika ulinzi huo wa PayPal.

Wengi wetu tuna ndugu London au Dubai wanaotununulia vitu na kuvipakia kwenye kontena. Naomba mlisikie hili kwa makini. Dhamana ya eBay inaishia kwenye anwani ya kwanza ambako mzigo umefikishwa. Ukishapelekwa kutoka hapo kwenda kwingine, haupo tena ndani yake. Kwa hiyo kamera ikifika kwa shemeji yenu London, naye akaiweka kwenye kontena bila kuifungua, mkaifungua ninyi Mbeya baada ya miezi miwili na kukuta lenzi ina ukungu, hakuna wa kumdai. Dakika kumi za shemeji kufungua boksi, kuweka betri na kupiga picha mbili tatu zina thamani kuliko dhamana nzima.

Kwetu mtu wa kati wa namna hiyo hajazoeleka. Mitandao ya matangazo na makundi ya kuuziana yanawakutanisha watu na kuwaacha wapatane wenyewe. Pesa haipiti mikononi mwao, kwa hiyo hawana cha kushika wala cha kurudisha. Na tahadhari: siku hizi mtu anaweza kukutumia kiungo cha tovuti inayojiita mshika amana, ukalipa, kumbe tovuti ni ya muuzaji huyohuyo. Mtu wa kati aliyeletwa na upande mmoja ni wa upande huo.

Biashara ya magari yaliyotumika kutoka Japani inatufundisha kitu kingine. Huko mnunuzi wa Afrika Mashariki analipa kwa uhamisho wa benki, ambao ukishapokelewa hauna tofauti kubwa na noti. Lakini wauzaji wengi hukubali sehemu ya bei kwanza ili gari lipakiwe melini, na kiasi kinachobaki kikilipwa ndipo hutuma hati halisi ya shehena, ambayo bila hiyo huwezi kulitoa gari bandarini. Kila upande umeshika kitu ambacho mwenzake anakihitaji. Gari pia mara nyingi huja na karatasi ya mnada, ambayo mkaguzi asiye muuzaji ameijaza kwa kuchora mikwaruzo na mabonde na kutoa alama; gari lenye alama ya R kwa kawaida lilipata ajali au ukarabati wa sehemu muhimu. Hatari kubwa ninayoiona huko ipo kwenye barua pepe. Ankara imeshafika, mmeshaelewana, kisha unakuja ujumbe kwamba benki imebadilika, lipeni kwenye akaunti hii mpya. Ujumbe huo usijibiwe kwa barua pepe; pigeni simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye sheria, nikijua kwamba baadhi yenu mlikuwa mkiingojea. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ni ya zamani kuliko simu zote humu ndani, lakini inatufaa. Inasema kwamba bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ifanane na maelezo hayo. Haibagui kipya na kilichotumika. Kwa hiyo "used ni used" si jibu la kisheria ikiwa tangazo lilisema mashine haijawahi kuchomelewa. Ubora ni habari nyingine: sharti la ubora linambana anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo, na halimbani kwa namna ileile mtu binafsi anayeuza friji lake kwa sababu anahama. Zaidi ya hayo, mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Na mnunuzi anayekaa na bidhaa kwa muda mrefu bila kutamka kwamba anaikataa anahesabiwa kuwa ameikubali. Mimi nilisubiri siku tisa, nikitumaini kwamba muuzaji angenipunguzia bei. Mwalimu wa sheria!

Ushahidi usiwatie hofu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki mahakamani, kwa hiyo mazungumzo yenu, picha na ujumbe wa muamala vina nafasi yake. Visifutwe. Tangazo lipigwe picha siku ileile mnapoliona, kwa sababu litaondolewa. Kama aliyewauzia hakuwa na bidhaa tangu mwanzo, hilo limevuka mpaka wa mkataba na kuwa jinai, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inahusika; namba ya tapeli nayo hupelekwa 15040, ambako TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, hupokea taarifa za utapeli.

Kuna jambo moja ambalo hakuna njia ya malipo inayoweza kulitibu, nalo ni mali ya wizi. Asiye mwenye mali hawezi, kwa kanuni ya jumla, kukupa umiliki asiokuwa nao. Unaweza kulipa kwa haki, kwa Lipa Namba, ukapewa na risiti, na bado mwenye simu akaja na askari akaichukua. Kwa simu, bonyezeni *#06# mbele ya muuzaji, linganisheni namba inayotokea na ile ya kwenye boksi, na itumeni namba hiyo kwenda 15090 ili mpate jibu la aina ya simu na mlilinganishe na mlichoshika mkononi. Kisha mwambieni muuzaji aondoe akaunti yake, afute kila kilichomo na aiwashe simu upya kama mpya. Simu inayodai nenosiri la mtu ambaye "yuko safarini" ni tofali lenye kioo.

Linabaki jibu la pesa kubaki kwa mnunuzi. Tunaliita lipa ukipokea, na watu wanadhani hapo wamefika. Lakini kupokea na kukagua ni vitu viwili. Kijana wa bodaboda anafika na boksi lililozungushiwa gundi, anataka kiasi chote, na ameagizwa asiruhusu lifunguliwe. Ukilipa hapo umenunua mbuzi kwenye gunia, tofauti ni kwamba gunia limeletwa hadi mlangoni. Sharti liandikwe mapema kwa maneno yasiyo na utata: nitafungua, nitawasha, nitajaribu, kisha nitalipa; nikikataa, nauli ya kwenda na kurudi ni yangu. Hilo la mwisho ndilo linalomtuliza muuzaji mwaminifu, kwani hofu yake ni kupoteza nauli kwa mteja anayetaka kutazama tu.

Mzigo ukiwa unatoka mbali, mtafuteni mtu upande wa pili. Mwaka uliofuata mdogo wangu alinunua ovaloki nyingine Dar es Salaam, na safari hii hakunishirikisha, jambo ambalo sikulilalamikia. Alimtuma binamu yetu anayeshona Tandika, akamlipa 20,000 kwa usumbufu. Binamu alikwenda na kitambaa chake mwenyewe, chepesi na kizito, na uzi wake. Alipiga picha ya kibati, namba ikisomeka, pembeni pakiwa na karatasi iliyoandikwa tarehe na jina la dada yangu. Alishona robo saa. Kisha akampigia simu, na dada akalipa kutoka hapa Mbeya kwenye Lipa Namba ya duka, huku binamu ameweka mkono juu ya mashine na muuzaji ameshika simu yake akisubiri ujumbe uingie. Ulipoingia, muuzaji alikagua kwanza salio lake, ndipo akaiachia.

Mzee wa mstari wa mbele ameuliza ile ya kwanza iko wapi. Ipo. Fundi wa Mwanjelwa aliifunga bamba la chuma kwa boliti nne, na dada anaitumia kwa vitambaa vizito tu, tena taratibu. Ameiandika ubavuni kwa rangi nyeupe: "Ya Mwalimu."